Laki nane benki au 65,000 kila mwezi? Kuthibitisha kipato cha mstaafu Thailand

"Kaka, niweke pesa benki au nionyeshe pensheni?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na wenzetu wanaostaafia Thailand wanapokwenda uhamiaji kuomba nyongeza ya mwaka ya kibali cha kukaa, na anayeuliza huwa ameshapiga hesabu ya alichonacho. Hiyo ni nusu ya kazi. Nimemwona mwenye pensheni ya dola 3,000 akirudishwa nyumbani, na mwenye 1,200 na akiba yake benki akigongewa muhuri kabla ya saa nne asubuhi. Afisa uhamiaji anasoma karatasi: pesa imeingia lini, imetoka wapi, imekaa muda gani. Kwa hiyo unapochagua njia, jiulize ni karatasi zipi unaweza kuzitunza miezi 12 mfululizo bila kuteleza.

Masharti ya jumla hayana mjadala. Uwe umetimiza miaka 50, uwe na viza ya Non-O au O-A (aina mbili za viza wanazoingilia wastaafu), ujaze fomu TM.7 ya kuomba nyongeza ndani ya siku 30 za mwisho wa kibali chako, ulipe baht 1,900. (Mwenye O-A ana mzigo wa ziada wa bima ya afya, ndiyo maana wengi huikwepa wakaingia kwa Non-O.) Kwenye pesa kuna milango mitatu: akiba ya baht 800,000 katika benki ya Thailand, kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa akiba na kipato unaofika 800,000 kwa mwaka. Mlango wa kipato una funguo mbili, barua ya ubalozi au rekodi ya pesa zilizoingia kutoka nje, kwa hiyo tunalinganisha vitu vinne. Ukichukua baht 34 kwa dola, 800,000 ni kama dola 23,500, na 65,000 ni kama dola 1,900.

Akiba ya 800,000

Hii ndiyo njia yangu, nakiri mapema ili ujue ninaegemea wapi.

Kanuni zake zilikazwa kuanzia 1 Machi 2019. Pesa iwe kwenye akaunti yenye jina lako peke yako miezi miwili kabla ya kuomba, ibaki kamili miezi mitatu baada ya kupewa nyongeza, kisha isishuke chini ya 400,000 mpaka muda wa kuijaza tena ufike. Tuseme unaomba tarehe 5 Oktoba. Laki nane ziwe zimeshaingia tarehe 5 Agosti. Mimi huzijaza Julai nisije nikabishana na mtu kuhusu kuhesabu siku. Zinakaa hadi 5 Januari. Kuanzia hapo mpaka Agosti nyingine una ruhusa ya kutumia nusu. Yaani katika mwaka, miezi mitano pesa yote imefungwa, na miezi saba imefungwa nusu. Zile 400,000 za chini hazitoki kamwe. Zione kama amana ya pango ambayo mwenye nyumba ni serikali, utarudishiwa siku ukihama.

Wanaoharibu njia hii si wale waliopatwa na gharama kubwa ghafla. Ni vitu vidogo. Mtu ameweka 800,000 kamili, hana hata baht moja juu yake, halafu benki inakata ada ya mwaka ya kadi. Kitabu cha benki kinasoma 799,700. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyetumia, lakini sharti limevunjika na tarehe imechapishwa. Dawa yake ni rahisi: akaunti ya peke yake kwa kazi hii tu, isiyo na kadi, isiyolipia hata umeme, yenye 810,000 au zaidi.

Siku ya kwenda uhamiaji unabeba barua ya benki inayothibitisha salio pamoja na kitabu chenyewe. Barua ichukuliwe siku hiyo hiyo au jana yake, maana ofisi nyingi hazitaki iliyochacha. Na asubuhi ile, kabla ya kupanga foleni, weka baht 100 kwenye mashine, kisha ingiza kitabu kwenye mashine ya kuchapisha. Kutatokea mstari mmoja mpya chini kabisa wenye tarehe ya leo. Afisa akifungua kitabu, kidole chake huenda kwenye mstari huo kwanza. Ofisi nyingine humtaka mwombaji arudi na kitabu baada ya miezi mitatu kuonyesha kwamba pesa haikuguswa. Usiichukulie kama uonevu, waambie sawa na uandike tarehe.

Hofu ya benki kufilisika haina uzito sana. Tangu Agosti 2021 mfuko wa Thailand wa kulinda amana unalipa hadi baht 1,000,000 kwa mteja katika kila benki, kwa hiyo laki nane zako zimo ndani ya kinga. Hofu iliyo na msingi ni ya kifo. Mwenye akaunti akifariki, benki inaifunga, na familia inalazimika kupata amri ya mahakama ya Thailand inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kama watoto wako mbali na hakuna wosia, hiyo ni miezi mingi na nauli za ndege. Ukichagua njia ya akiba, andika wosia kwa ajili ya mali iliyopo Thailand. Watu hawapendi kulizungumza hili, nami sipendi, lakini nimeshasaidia kubeba hizo karatasi mara moja na sitaki kuzibeba tena.

65,000 kila mwezi kutoka nje

Uzuri wake unaonekana haraka. Pesa haifungwi. Pensheni inaingia, unalipa pango, unakula, unatumia wajukuu, hakuna anayekuuliza kilichobaki. Kwa mstaafu mwenye pensheni nzuri lakini asiye na dola 23,500 za kulaza mahali, huu ndio mlango wa halali uliobaki.

Kazi yake ni kwamba kila mwezi ni mtihani. Akiba ina tarehe tatu nne za kukumbuka kwa mwaka. Hii ina 12, na kufeli mmoja kunaweza kuangusha 11 zilizofaulu.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa baharia mstaafu, mtu wa pwani, tunamwita Mzee tu. Pensheni yake inatoka Ulaya na inazidi kiwango kinachotakiwa. Kwa kupenda kwake unadhifu, aliweka agizo la kudumu litakalompa baht 65,000 barabara kila mwezi, zilizobaki zikae huko huko. Nilikuwa nimekaa naye dirishani siku alipoomba. Afisa, binti wa umri wa wajukuu zake, alichukua rula na kalamu, akawa anapigia mstari kila ingizo na kuandika namba pembeni: moja, mbili, tatu. Alipofika saba akasimama. 64,870. Benki fulani ya njiani ilikuwa imekata ada mwezi ule, baht 130, bei ya sahani mbili za wali.

"Mwezi huu haukufika," akasema.

"Mwanangu, nyingine zote zimefika."

"Ndiyo baba. Huu haukufika."

Afisa mwingine pengine angefumba jicho. Huyu hakufumba, na kikanuni alikuwa sahihi. Ingekuwa Mzee amekwenda mwanzoni mwa zile siku 30 tungetafuta njia; alikuwa amebakiwa na siku sita. Kugeukia akiba hakukuwezekana kwa sababu pesa ingetakiwa iwe imeshakaa miezi miwili. Akatoka nchini, akaanza upya na viza ya siku 90. Zaidi ya nauli, alipoteza kibali alichokuwa amekiongeza miaka minane mfululizo.

Kwa hiyo usitume 65,000. Tuma 68,000 au 70,000, uache nafasi ya ada na ya kiwango cha kubadilisha fedha. Kiwango chenyewe kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko watu wanavyofanya. Oktoba 2022 dola moja ilikuwa karibu baht 38. Mwishoni mwa Septemba 2024 ilikuwa karibu 32.5. Mstaafu wa dola 1,800 kwa mwezi alipata 68,400 ile ya kwanza akastarehe, na ile ya pili akapata 58,500, yuko nje ya sharti, na pensheni yake haikupungua hata senti. Kama pensheni yako yote, ukiibadilisha kwa baht 32, haivuki 65,000, usijenge nyumba yako juu ya njia hii.

Kuna pia suala la tarehe. Sharti linataka pesa iingie kila mwezi wa kalenda. Anayelipwa tarehe 30 au 31 yuko hatarini: ikikutana na Jumamosi na sikukuu, pesa ya Aprili inatua Mei. Kitabu kinaonyesha Mei maingizo mawili na Aprili hakuna kitu. Wewe unajua ilivyokuwa, rula haijui. Pokea pensheni yako kwenye akaunti ya nyumbani, kisha itume Thailand katikati ya mwezi, tarehe 10 hadi 15.

Na la tatu, ambalo huwakamata hata wajanja: lazima kitabu kionyeshe kwamba pesa imetoka nje. Benki za Thailand huchapisha alama fupi pembeni ya kila ingizo. Bangkok Bank, kwa mfano, huweka FTT kwa pesa ya kigeni. Lakini programu nyingi za simu za kutuma fedha kwa bei nafuu hazivushi pesa yako moja kwa moja. Zina akaunti ndani ya Thailand, nazo hukulipa kutoka humo. Kwa benki hiyo inaonekana kama uhamisho wa ndani, kama vile jirani amekulipa deni. Kabla ya kutegemea programu yoyote, tuma mara moja, chapisha kitabu, tazama alama. Kama haionyeshi nje ya nchi, badilisha njia ya kutuma au benki ya kupokelea mwezi huo huo, usingoje mwezi wa 11 ndipo ugundue. Mwishoni utaomba benki taarifa ya akaunti ya miezi 12 pamoja na barua inayothibitisha maingizo kutoka nje, na hiyo huchukua siku kadhaa, si ya kuombwa asubuhi ya safari.

Anayeomba mara ya kwanza hana miezi hiyo 12, kwa hiyo ofisi nyingi zitamwelekeza kwenye akiba. Wenye uwezo hufanya hivi: mwaka wa kwanza wanaingia kwa 800,000, na wakati huo huo wanaanza kutuma pensheni kila mwezi. Mwaka wa pili wanaomba kwa kipato. Ila 400,000 zisitoke mpaka nyongeza ya pili iwe imegongwa, kwa sababu hadi siku hiyo bado wako chini ya kanuni za akiba.

Barua ya ubalozi

Zamani hii ndiyo iliyokuwa njia rahisi kuliko zote: unakwenda ubalozini, unaapa kwamba kipato chako ni kiasi fulani, unapewa barua yenye muhuri, kwisha. Urahisi huo ndio ulioiua. Uhamiaji wa Thailand ulitaka balozi zithibitishe kipato chenyewe badala ya kushuhudia kiapo, na balozi kadhaa zikasema hazina uwezo wa kukagua pensheni za watu. Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua hizo kuanzia Januari 2019. Ujerumani na Uholanzi ni kati ya zilizoendelea, zikitazama hati za pensheni zenyewe.

Kama pasi yako ni ya nchi ambayo ubalozi wake bado unaandika, na pensheni yako ina hati rasmi ya kila mwaka, barua inaishinda njia ya kutuma kila mwezi kwa mbali. Hakuna rula, hakuna alama za benki, hakuna Aprili iliyopotea. Uliza mambo mawili kabla ya kufurahi: ubalozi unataka hati zipi, na ofisi yako ya uhamiaji inataka barua hiyo ihakikiwe na wizara ya mambo ya nje ya Thailand au inaipokea kama ilivyo. Ofisi hutofautiana. Kwa wenye pasi za nchi ambazo hazina ubalozi Bangkok, barua itatoka nchi ya jirani na safari yake inaweza kula faida yote.

Mchanganyiko

Kwenye karatasi ni mzuri. Pensheni ya 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka. Ongeza akiba ya 320,000, umefika 800,000. Mtu wa kipato cha kati anaona kama ameandikiwa yeye.

Dirishani ni hadithi nyingine. Ofisi nyingi hutaka sehemu ya kipato ithibitishwe kwa barua ya ubalozi, kwa hiyo waliopoteza barua mwaka 2019 wamepoteza na huu. Maafisa wengine hawaipendi kwa sababu inawalazimu kukagua vitu viwili badala ya kimoja. Mzee wetu alijaribu kuutumia siku ile ile, maana maingizo yake ya mwaka yalifika 779,870 na akiba yake ilizidi pengo hilo mara kadhaa. Jibu lilikuwa fupi: barua ya ubalozi iko wapi? Tumia njia hii tu kama umeshakwenda ofisi yako mapema, ukauliza ana kwa ana, na ukaambiwa wanaipokea.

Kodi inaingia wapi

Hadi 2023 sehemu hii isingekuwepo. Kuanzia 1 Januari 2024, anayekaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka anahesabiwa kodi kwa kipato cha nje anachokiingiza nchini, hata kama alikipata mwaka uliotangulia. Akiba iliyopatikana kabla ya tarehe hiyo haiguswi.

Tazama inavyoathiri uchaguzi. Njia ya kila mwezi inakulazimisha kuingiza angalau 780,000 kwa mwaka, upende usipende, na kuziacha kwenye rekodi zenye alama ya kutoka nje. Kwa hesabu ya kawaida ya pensheni, mwenye umri chini ya miaka 65 akitoa punguzo la gharama la 100,000 na la binafsi la 60,000 anabaki na 620,000 za kukatwa, na kodi yake ni kama 45,500. Aliyefikisha 65 ana msamaha wa ziada wa 190,000. Kodi yake inashuka hadi kama 20,500. Mikataba ya kodi kati ya Thailand na nchi inayolipa pensheni inaweza kupunguza au kufuta hiyo, hasa kwa pensheni za utumishi wa serikali, kwa hiyo soma mkataba unaokuhusu kabla ya kukasirika. Mwenye akiba ya zamani anaingiza 800,000 mara moja bila kodi, na baada ya hapo analeta kile anachokula tu.

Ningemwambia nani achukue ipi

Mwenye dola 25,000 anazoweza kuzisahau: akiba, bila kufikiri mara mbili. Utulivu wake una thamani kuliko riba unayoikosa.

Mwenye pensheni inayovuka 65,000 hata baht ikipanda, asiye na akiba kubwa, na mwenye tabia ya kutunza risiti: kila mwezi. Tabia hiyo ni muhimu kama pensheni yenyewe. Mtu anayesahau siku ya kulipa maji asijidanganye.

Mwenye ubalozi unaoandika barua: barua, na aweke akiba kidogo kando kwa siku ubalozi utakapobadili msimamo, kwa sababu Waingereza nao walipewa notisi ya miezi michache tu.

Mume na mke wasikimbilie kutafuta laki nane mbili. Mmoja akikidhi masharti, mwenzake anaweza kuomba kama mtegemezi kwa cheti cha ndoa kilichohakikiwa. Na mwanamume aliyeoa Mthai atazame nyongeza ya ndoa: 400,000 benki au 40,000 kwa mwezi, ingawa ukaguzi wake ni mrefu zaidi, hadi picha za sebuleni.

Asiye na lolote kati ya hayo atakutana na wakala. Atamwambia asijali, pesa "itakaa" kwenye akaunti yake siku chache kisha iondoke. Jina kwenye fomu ni la mwombaji, sahihi ni yake, na sharti la miezi mitatu baada ya nyongeza linavunjwa juma lile lile. Wakala haishi kwa viza hiyo.

Ukishagongewa muhuri, kwa njia yoyote ile, usipande ndege kabla ya kuchukua kibali cha kuingia tena. Ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari zisizo na idadi. Ukitoka bila hicho, nyongeza inakufa pale pale mpakani, na laki nane zako zitakuwa zimelala miezi mitano bure.